Diski D iko wapi? Uzoefu wangu na Linux Mint

Nina steshenari ndogo Morogoro. Nachapa barua na kadi za harusi, natoa kopi, naskani vyeti. Kompyuta ya dukani ilikuwa na Windows 10, na masasisho yake ya usalama ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haikukubali kuingia kwa sababu mashine haina TPM 2.0, kile kifaa cha usalama ndani ya kompyuta, na pesa ya kununua nyingine sikuwa nayo. Fundi mmoja kijana akaniwekea Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Alifuta sehemu ya C peke yake, D akaiacha ilivyo, maana D ndiyo ghala langu: kazi za wateja za miaka sita.

Kesho yake asubuhi nikawasha, nikatafuta D. Haipo. Hata C haipo. Mbele yangu amesimama mama wa kamati ya harusi, anataka orodha ya michango aliyochapisha wiki iliyopita, na watu wanamsubiri kikaoni. Mikono ilinitetemeka, nasema kweli. Nikampigia fundi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. D yangu umeifuta?"

"Hapana mama, ipo. Angalia kushoto kule chini, kuna kitu kimeandikwa 400 GB Volume. Kibofye."

Nilikuwa nimeshakiona, nikakipita, kwa kuwa D yangu naijua: miaka yote ilisomeka 372, siyo 400. Nikabofya, nikaombwa nywila, na folda zangu zote zikatokea, ya michango ikiwemo. Nikachapisha, mama wa watu akaenda zake.

Ile 372 na 400 ilininyima usingizi mpaka nilipoelewa. Diski ni ileile. Windows inahesabu kwa 1,024: baiti 1,024 ni KB moja, KB 1,024 ni MB moja, hivyo hivyo mpaka GB. Mint inahesabu kwa 1,000, kama mtengenezaji wa diski anavyoandika kwenye boksi. Ndiyo maana diski ya GB 500 ukiifungua kwenye Windows inasoma 465 na kidogo. Hakuna aliyekuibia.

Jambo lililonifungua macho hasa ni hili. Kwenye Windows kila diski ni nyumba inayojitegemea na ina herufi yake mlangoni. A na B zilikuwa za diski laini za zamani, ndiyo maana diski kuu ikaangukia C. Kwenye Linux hakuna nyumba nyingi. Kuna mti mmoja tu, na mzizi wake unaandikwa kwa mkwaju mmoja: /. Vitu vyangu viko kwenye tawi la /home. Flashi ya mteja, kadi ya simu, hata ile D, kila kimoja hupachikwa kwenye tawi la mti huohuo, na kwangu ni chini ya /media. Kisipopachikwa, yaliyomo hayaonekani, lakini data zake ziko salama ndani ya diski. Asubuhi ile D haikuwa imepachikwa, basi. Kila nilipowasha kompyuta ilibidi niibofye upya, mpaka fundi alipoingia kwenye programu ya Disks akaweka ijipachike yenyewe. Fanyeni hivyo siku ya kwanza, hasa kama mnafungua faili kwa njia za mkato, maana zote hufa diski isipopachikwa.

Herufi kubwa na ndogo nazo zina uzito. Ndani ya /home, Barua.docx na barua.docx ni faili mbili tofauti. Niliwahi kurekebisha moja nikachapisha nyingine. Sasa majina yote naandika kwa herufi ndogo.

Lililoniuma zaidi ni la flashi. Mwanafunzi wa chuo alileta kazi yake ya utafiti niipange kurasa. Nikamaliza, nikainakili kwenye flashi yake, mstari ukajaa mpaka mwisho, nikachomoa nikampa. Jioni akarudi kwa bodaboda, jasho linamtoka, faili haifunguki. Kumbe mstari ukijaa, kompyuta inaweza kuwa imepokea data kwenye kumbukumbu yake ya muda na bado inaendelea kuziandika kwenye flashi polepole. Faili yake nilikuwa nayo, nikamnakilia tena, na nauli nikamrudishia. Tangu siku ile nabonyeza kwanza ile alama ya kutoa flashi, nasubiri iseme tayari, hata foleni iwe ndefu namna gani.

Mwezi wa tatu likaja onyo kwamba diski ya mfumo imejaa. GB 100, na mimi naweka kazi zangu D! Hapo ndipo nilipoipenda programu moja inayokuja na Mint yenyewe, Disk Usage Analyzer. Ukiiita kwa amri, jina lake ni baobab, yaani mbuyu. Inachora diski yako kwa duara ndani ya duara, na kipande kinachokula nafasi unakiona papo hapo. Changu kilikuwa folda ya timeshift, zile picha za mfumo zinazohifadhiwa ili ukiharibu kitu urudi nyuma. Tulikuwa tumeziweka nyingi mno. Nikabakiza mbili, nafasi ikarudi.

Angalizo kwa mwenye biashara kama yangu: Timeshift, kwa mpangilio inaokuja nao, inahifadhi mfumo, haihifadhi mafaili yako. Kazi za wateja nazinakili kila Jumamosi kwenye diski ya nje. Niliifomati kwa exFAT, moja ya namna za kupanga faili kwenye diski, kwa kuwa ile nyingine, FAT32, haipokei faili moja inayofika GB 4, na watu wa video za harusi huniletea kubwa kuliko hizo. exFAT inasomeka kwangu na kwenye Windows za wateja bila shida.

Kompyuta inawaka haraka kuliko zamani, na printa yangu iliitambua bila kuomba chochote. Ile D nimeipa jina. Sasa kushoto pale inasomeka GHALA.