Sola ya gari la kulala: duka la Arusha linalopima kwanza ndio liuze

Wakuu, naandika hii kwa wenye magari ya kulala, iwe Coaster, Hiace au Land Cruiser yenye hema juu, maana najua wengi mnanunua sola kwa kukadiria tu. Sisi tuna Coaster ya dizeli tumeigeuza nyumba, ina friji, taa, pampu ya maji na feni, na tulihitaji umeme wa kukaa porini bila kuwasha injini wala kutafuta soketi ya mtu. Duka lenyewe lipo Arusha mjini, ni dogo, ukipita haraka hulioni.

Duka la kwanza tulikoingia walitutajia furushi zima kabla hata hatujakaa, paneli moja ya wati 200 na inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 3000, na hakuna aliyeuliza tunatumia nini. Hapa ilikuwa tofauti kabisa. Fundi alichukua daftari akaanza kuuliza: friji ya lita ngapi, mnalala saa ngapi, laptop ni ya kazi au ya muvi, simu ngapi. Halafu akasema, "Kaka, friji niachie mpaka kesho, hiyo siiandiki kwa kubahatisha." Akaifunga kwenye kipimo, ikalala pale dukani na maji ya chupa ndani, kesho yake ikasoma kama wati-saa 500 (wati mara masaa) kwa siku. Nilidhani taa ndio zinakula, kumbe taa nne za LED za wati 5 kwa masaa manne ni wati-saa 80 tu. Feni 160, laptop 120, simu 60, pampu haifiki hata 20. Jumla inakuja 935 hivi, akaongeza asilimia 20 ya kinachopotea kwenye waya, inveta na joto, ikawa kama 1,120 kwa siku.

Hapo ndio akaingia kwenye paneli. Paneli ya wati 200 haikupi 200 muda wote, inapochemka juani inashuka, vumbi nalo linakula chake, kwahiyo anahesabu asilimia 75 ya kilichoandikwa, na jua anaweka masaa manne na nusu ya nguvu kwa siku. 1,120 gawa kwa 4.5 gawa kwa 0.75 unapata wati 330 na kitu, kwahiyo paneli mbili za 200. Na alisema wazi kwamba mwezi wa saba Arusha, mawingu ya Mlima Meru yakikaa mpaka mchana, hata hizo 400 hazitatosha, siku kama hizo betri ndio inabeba. Kuziinua paneli alisema tusihangaike, huku tupo digrii kama tatu tu kusini ya ikweta, zikilala bapa kwenye paa hasara ni ndogo sana. Kivuli ndio adui, akatuambia keria ya mizigo irudi nyuma, maana paneli zimeungwa kwa mfululizo na kivuli cha bomba moja tu kinaangusha umeme wa zote mbili.

Kitu kilichonifanya niwaamini ni volti. Coaster yetu ni ya 24, friji inakubali 12 na 24, wakasema mfumo wote uwe 24, ampia zinapungua nusu kwa wati zilezile na waya hauhitaji kuwa mnene sana. Kuna fundi angetuuzia waya mnene na hela ingeingia kwake. Betri ilikuwa tuchague gel, yaani ya asidi iliyozibwa, au litiamu. Gel huwa hawashauri uishushe chini ya nusu, kwahiyo kukaa siku mbili bila jua tungehitaji nne za volti 12 ampia-saa 100, na moja ina karibu kilo 30, fikiria kilo 120 kwenye gari. Tukachukua litiamu moja ya volti 24 ampia-saa 100, unatumia mpaka asilimia 80, yaani kama wati-saa 2,000. Inauma mfukoni lakini hesabu inaeleweka.

Nilitaka inveta kubwa ya kuchemshia maji, wakakataa kabisa. Jagi la wati 2000 kwenye volti 24 linavuta zaidi ya ampia 80, wakasema chai chemsheni kwa gesi, inveta ya wati 1000 inawatosha. Tumekubali na hatujajuta.

Tumelala Ziwa Natron na joto lake lote, pale kompresa ya friji haipumziki kabisa, na bado asubuhi kipimo kilisoma asilimia 70 na ushee, kufika saa saba mchana imejaa.

Sasa mabaya yao. Wanachelewa mno, wakisema kesho hesabu keshokutwa, na simu hawapokei wakiwa juu ya paa. Bei zipo juu kidogo, na kuja kupima wanatoza, ila ukinunua kwao wanaitoa kwenye bili. Fyuzi ya karibu na betri waliweka bila kuambiwa, ila kuandika lebo kwenye waya mpaka niliposisitiza. Na chaja ya kuchukua umeme wa altaneta (jenereta ya injini) kwenda betri ya litiamu hawakuwa nayo ya 24, bado tunaisubiri, na masika bila hiyo naona kabisa tutabanwa. Ukienda kwao uliza hiyo mapema, na friji ibebe siku hiyohiyo.