Chanjo ya uti wa mgongo kabla ya kuanza chuo Uingereza: uzoefu wangu

Nyumbani Tanzania, chanjo ya homa ya uti wa mgongo wengi tunaijua kama sindano ya mahujaji. Mama alichomwa kabla ya kwenda Makka, maana Saudia hawampokei hujaji asiye na cheti chake. Kwamba mwanafunzi anayekwenda Uingereza naye anatakiwa achanje, nilikuja kulisoma kwenye barua pepe ya chuo wakati tiketi iko mkononi. Nimeshachanja, na ushauri wangu kwa mdogo wangu yeyote anayekuja Septemba ni kwamba achanje, tena mapema.

Inaitwa MenACWY. Herufi nne za mwisho, A, C, W na Y, ni makundi manne ya meningokoka, bakteria wanaosababisha homa hiyo. Uingereza walianza kuwapa vijana na wanafunzi wapya wa vyuo mwaka 2015, baada ya kundi W kuongezeka mwaka hadi mwaka. Watoto wa huku huchanjwa shuleni wakiwa na miaka kama 14. Sisi wa nje tunakuja bila hiyo: kadi yangu ya kliniki ina kifua kikuu, polio, surua na pepopunda, ya meningokoka haimo.

Kwa nini wanafunzi? Bakteria hawa hukaa puani na kooni. Takriban mtu 1 kati ya 10 anao bila kuumwa chochote, na kwa vijana wa umri wa chuo hufika kama 1 kati ya 4. Sasa fikiria hosteli mwezi wa kwanza: watu wa kila nchi, jiko moja, baridi imeanza, madirisha yamefungwa, kila mtu anakohoa. Wengi hawatadhurika. Lakini bakteria wakiingia kwenye damu au kwenye utando wa ubongo, mtu aliyekula nanyi chakula cha mchana anaweza kufa ndani ya saa 24. Wanaopona wapo wanaobaki viziwi, na wapo wanaokatwa vidole au miguu.

Huduma yenyewe ni nzuri, tatizo ni mlangoni. Unajisajili kwanza kwenye zahanati ya mtaa, wenyewe wanaiita GP. Kujisajili ni bure, na kwa utaratibu hawapaswi kukukataa kwa kukosa uthibitisho wa anwani. Dada wa mapokezi aliniambia chanjo hiyo ni ya waliosoma sekondari Uingereza. Sivyo. Anayeanza chuo akitokea nchi nyingine na hajachanjwa anaipata bure, ilimradi hajatimiza miaka 25. Nilimwomba kwa adabu amuulize muuguzi, akaenda, akarudi na nafasi ya wiki iliyofuata. Iliniudhi, kwa sababu najua wenzangu ambao wangeambiwa hivyo wangesema ahsante wakaondoka. Usiondoke. Ile ada ya afya tuliyolipia pamoja na viza, pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo, si hela ya kuchezea.

Muuguzi alikuwa mama mtulivu. Alinionyesha kichupa chenye unga mweupe kidogo chini, akaingiza maji ya dawa kwa bomba la sindano, akatikisa mpaka ukayeyuka wote, ndipo akanichoma begani. Nilimuuliza kama naweza kuambukizwa na chanjo yenyewe. Akasema haiwezekani, ndani hamna bakteria hai, ni vipande tu vya ganda lao la nje. Usiku bega liliuma na kichwa kiligonga kidogo. Nilikunywa panadoli, asubuhi nikaenda darasani.

Lawama yangu kubwa ni ya kipeperushi nilichopewa. Picha ya vipele vya ugonjwa huu ilikuwa kwenye mkono wa Mzungu, madoa mekundu yanaonekana toka mbali. Kwenye ngozi yetu hayaonekani hivyo. Muuguzi ndiye aliyenieleza: tazama viganja, nyayo, ndani ya kope na juu ya kaakaa. Ukiona madoa, gandamiza ubavu wa glasi ya kioo juu yake. Yasipofifia, piga 999, namba ya dharura ya huku, papo hapo. Na usisubiri vipele, kwa sababu vinaweza kuchelewa au visitokee kabisa. Homa kali, shingo kukakamaa, mwanga kuumiza macho, kutapika, mikono na miguu kuwa ya baridi wakati mwili unachemka, kuongea asichokielewa mtu: dalili hizo zinatosha kupiga simu. Kundi W wakati mwingine huanza kwa kutapika na kuharisha, kama mtu aliyekula chakula kibovu. Mwenzio akijifungia chumbani akisema ni mafua tu, mgongee, mwangalie, rudi tena baada ya saa moja.

Jambo jingine ambalo barua ya chuo haikuligusa: MenACWY haikingi kundi B, ambalo ndilo linaloongoza kwa wagonjwa Uingereza. Chanjo ya B hupewa watoto wachanga bure tangu 2015, ila mwanafunzi anajilipia duka la dawa, zaidi ya pauni 100 kwa dozi, na zinahitajika mbili. Kwa bajeti ya mwanafunzi ni pesa nyingi, simlaumu anayeshindwa. Mimi nimelipia ya kwanza kwa akiba ya kazi ya wikiendi, ya pili inakuja.

Kwa mnaokuja kusoma shahada ya uzamili mkiwa mmevuka 25, bure haiwahusu hata ya ACWY, kwa hiyo ulizeni bei nyumbani kabla ya safari. Chanjeni angalau wiki mbili kabla ya kuingia hosteli, kinga ipate muda wa kujengeka. Na kama uliwahi kwenda Umra au Hija ukachanjwa ACWY, njoo na kadi hiyo, mwonyeshe muuguzi. Huenda huhitaji sindano nyingine.