Uzoefu wangu: matembezi na mwongozaji kwenye magofu ya Engaruka

Nilikwenda Engaruka, kaskazini mwa Tanzania, nikitegemea kuona kuta ndefu kama za Kilwa. Hazipo. Kuna mawe, mengi ajabu, yaliyotapakaa kwenye mteremko chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Nilikuwa nimepanda juu ya rundo moja nitazame mbali, mwongozaji akaniomba kwa upole nishuke: hapo palikuwa kiwanja cha nyumba ya mtu.

Kuanzia hapo nikaanza kuona. Wakulima walioishi hapa kati ya karne ya 15 na ya 18 walichimba mteremko, wakainua kingo za mawe bila chokaa, wakasawazisha udongo, nyumba ikakaa juu. Vijiji vilikuwa 7. Chini yake ndipo lilipo shamba lenyewe, takriban hekta 2,000 za vipande vilivyogawanywa kwa mistari ya mawe, ambapo walilima mtama katika nchi kame kabisa.

Kilichonishika zaidi ni mifereji iliyoleta maji ya mto shambani. Mmoja tuliufuata karibu nusu saa. Umekumbatia mteremko, ukishuka kidogo kidogo kiasi kwamba macho hayaoni, lakini maji yaliona. Pengine hawakuwa na kipimo zaidi ya maji yenyewe! Nilichuchumaa nikagusa mawe ya ukingo wake, bado yamebanana. Wanaakiolojia wengi wanahusisha kuhamwa kwa shamba hili na kupungua kwa maji ya mito, na ukisimama kwenye mfereji mkavu unaelewa kwa nini.

Huduma ya mwongozaji naisifu bila kusita. Anajua kila kona, haharakishi, na usipokuwa naye utaona kokoto tu. Linaloniuma ni kwamba sikuona kibao hata kimoja njiani tulikopita, na sehemu kadhaa kingo zimebomoka kwa kukanyagwa. Tafadhali usipande juu ya kuta, wala usisogeze jiwe kwa ajili ya picha.

Anza asubuhi mapema, kivuli ni haba. Viatu vya kufunika vidole, suruali ndefu kwa sababu ya miiba, maji yasipungue lita 2 kwa mtu. Matembezi ya saa 3 kwangu hayakutosha.

Sisi tulianzia vijijini tukauvamia mfereji katikati. Nikirudi nitaomba tuanzie mtoni, tushuke nao kama maji yalivyoshuka, hadi shambani.