Uzoefu wangu: fundi wa mashine ya kufulia na faida anayoweka kwenye vipuri

Mashine yangu ya kufulia ilianza kunguruma wakati wa kukamua nguo, na mngurumo ulizidi kadiri pipa lilivyoongeza kasi. Ukilishika pipa likiwa tupu na kulisukuma juu na chini, lilicheza. Dalili hizo mbili zikikutana, mara nyingi ni beringi, yaani vyuma vya duara vinavyoshika mhimili wa pipa ili lizunguke kwa urahisi. Nilimwita fundi anayejitegemea, akakagua, akakubaliana nami, kisha akaniandikia ankara ya mistari mitatu: kuja na kukagua, vipuri, ufundi. Beringi mbili na sili yake, yaani mpira unaozuia maji yasizifikie, alizipigia bei karibu mara mbili ya ile niliyoikuta dukani.

Nimelipa, na naona nililipa haki. Nasema hivi kwa sababu nasikia sana watu wakiwaita mafundi wezi kwa jambo hilohilo, wala hawaulizi ile nyongeza inanunua nini.

Kwanza, hakikisha unalinganisha kitu kilekile. Beringi hizi zina namba. Ukiona 6205, chukua tarakimu mbili za mwisho, zidisha kwa 5, unapata upana wa tundu: milimita 25. 6206 ni milimita 30. Baada ya namba huja herufi: 2RS maana yake imezibwa kwa mpira pande zote mbili, ZZ imekingwa kwa bati, ambalo halizuii maji vizuri. Mtu anayekuambia ameiona 6205 kwa robo ya bei huenda aliona ZZ isiyo na jina la kiwanda, na beringi feki zipo tele. Fundi wangu aliweka ya zamani na mpya mkononi mwangu nisome mwenyewe kabla hajafunga.

Alisisitiza pia sili ibadilishwe, ingawa mimi niliona ni gharama ya ziada. Sili ikichoka, maji hupenya, huosha grisi, na beringi huota kutu. Ukiweka beringi mpya nyuma ya sili kuukuu, kilichoua ya kwanza kitaua na ya pili. Alikagua hata mhimili wa pipa pale sili inapokaa, maana ukiwa umelika, sili mpya haizuii kitu.

Sasa hiyo nyongeza. Tuseme kipuri amekinunua 100 na kuniuzia 150. Amenipa dhamana ya miezi 6. Kikifa ndani ya muda huo na duka likakataa kukipokea, jambo la kawaida kwa kipuri kilichokwisha kufungwa, atanunua kingine kwa 100 yake. Ametumia 200, amepokea 150. Faida ya kazi nyingine nzima ya aina hiyo itaenda kuziba pengo, na bado hatujahesabu kuifungua mashine mara ya pili, kazi inayokula saa kadhaa kwa sababu beringi ziko nyuma kabisa ya tangi. Ongeza muda wa kutafuta kipuri sahihi na hasara ya kile kisichoingia. Ile 50 imebeba mzigo ambao duka halikuubeba. Kwangu mimi, mara mbili ndiyo mwisho kwa kipuri kidogo cha namna hii. Kwa kitu cha bei kubwa kama mota au ubao wa umeme, mara mbili siikubali, kwa sababu safari na utafutaji ni uleule.

Lakini fundi asiyetoa dhamana hana hoja hii hata moja. Akiniongezea bei kisha akasema kikiharibika ni juu yangu, hapo amechukua tu.

Kuna fundi mwingine niliyempata kabla ya huyu, kwa tatizo la mota kutozunguka. Yeye ufundi wake ulikuwa rahisi ajabu, karibu bure. Akasema mota imeungua, inunuliwe nzima, naye ataileta. Nikaomba maoni ya pili, ikaonekana ni brashi za kaboni zimeisha. Ni vipande viwili vidogo vinavyosuguana na mota hadi vinalika, na vimewekwa pale ili vibadilishwe. Sijui kama aliongopa au hakujua. Ninachojua ni kwamba kwa bei zake, kugundua brashi kusingemlipa, mota ingemlipa. Ongeza asilimia 50 juu ya kitu cha senti chache na fundi anarudi nyumbani mikono mitupu, hata kama ametumia saa nzima kufikiri vizuri.

Hapo ndipo ninapoona wateja tunajichimbia. Tunabishania ufundi hadi senti ya mwisho, kana kwamba maarifa hayana bei, huku kipuri tukikilipia kwa kuwa tunakishika mkononi. Fundi anajifunza haraka: anashusha ufundi, anaficha riziki yake ndani ya vipuri. Kuanzia siku hiyo, anayekutafutia hitilafu ndogo anajinyima mwenyewe. Mimi naona afadhali ufundi ulio wazi na unaotosha, pamoja na ada ya ukaguzi inayolipwa hata kama jibu ni "safisha chujio tu", kuliko ufundi wa bure wenye mota ndani yake.

Wengine hununua kipuri wenyewe. Inafaa kwa vitu vyepesi kama mpira wa mlango, ukiwa na namba ya modeli. Kwa beringi sishauri. Fundi hatakidhamini kipuri asichokinunua, na ana haki, na ukileta kisichoingia huku mashine imeshafumuliwa, utalipia muda wake wa kusubiri. Tena kuna mashine ambazo tangi lake limeunganishwa kiwandani likawa kitu kimoja kisichofunguka, beringi hazitoki bila kulikata. Kama ni hiyo, unaweza kuambiwa ununue tangi zima, na ni vizuri ulijue hilo kabla hujakubali kazi.

Nampa huyu fundi nyota 4 kati ya 5. Mashine imetulia, vipuri vya zamani aliniachia bila kuombwa, na nilipomuuliza waziwazi anaongeza kiasi gani alijibu bila kukunja uso. Nyota moja nimeizuia kwa sababu ya karatasi ya dhamana. Ilitaja beringi na sili, haikutaja ufundi, yaani beringi ikifa ningepewa mpya kisha nitozwe tena kuifunga, wakati kufunga ndiyo sehemu kubwa ya gharama. Nilipomwonyesha, aliongeza "pamoja na ufundi" kwa kalamu na kutia sahihi. Ingefaa yawe yameandikwa tayari kwa kila mteja.