Mshipi na chambo bandia vya kurambazia sangara: nunua kwa milimita kabla ya kilo

Malalamiko ya wanaoanza kurambaza sangara, yaani kuwavua kwa kuburuta chambo nyuma ya boti, Ziwa Victoria yanafanana. Mtu kanunua chambo bandia cha bei kubwa, kisanduku kinasema kinazama mita sita, kazunguka miamba ya visiwa vya Rusinga au Rubondo tangu alfajiri na hakuna kilichogusa. Boti ya jirani, yenye chambo hichohicho na rangi ileile, inapandisha samaki. Anarudi dukani kununua rangi nyingine, na muuzaji anamuuzia kwa furaha.

Rangi haina kosa hapo. Mshipi wake ni mnene kuliko ulivyoandikwa kwenye kibanda, yaani kidonge unachouziwa kimezungushiwa mshipi, na chambo cha mita sita kilikuwa kinapita mita tatu au nne tu chini ya maji. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na fimbo wala rili, yaani gurudumu la fimbo linalobeba mshipi. Unaanza na unene wa mshipi, jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi kabisa.

Unene unafanya nini

Chambo cha kurambazia kina ulimi wa plastiki mbele unaokichimbisha chini boti inapokivuta. Mshipi nao unasukumwa na maji, na msukumo huo unakirudisha juu. Mshipi ukiwa mnene, msukumo unaongezeka. Ukiachia mita nyingi nyuma ya boti, unaongezeka pia, mpaka inafika mahali ambapo kuachia mita kumi zaidi hakukuongezei kina chochote.

Kwa sangara tofauti ya mita mbili ni kubwa. Anakaa kando ya miamba na kwenye miteremko, akivizia furu, vile visamaki vidogo vya ziwani, na sangara wadogo. Maji ya kando ya ziwa yana ukungu. Chambo kikipita mita moja juu ya mwamba anakiona na kukikimbilia, kikipita mita nne juu yake huenda asijue kimepita. Na usidhani dawa ni kununua chambo cha kina kirefu kabisa. Kuanzia karibu Septemba hadi Aprili maji ya ziwa hili hujitenga matabaka, na tabaka la chini kabisa hukosa oksijeni. Ziwa huchanganyika tena kusi inapovuma, Juni na Julai. Mrambazaji anafanya kazi yake kati ya mita mbili na tisa. Ndani ya nafasi hiyo, milimita 0.10 za mshipi zinaamua mengi.

Kipimo cha dukani hakihitaji chombo cha maana. Zungusha mshipi mara 20 kwenye kalamu, mizunguko ibanane bila kupandana, kisha pima upana wake kwa rula. Ukipata milimita 10, mshipi ni wa 0.50. Ukipata 12, ni wa 0.60, hata kama karatasi inasema 0.50. Mshipi wa kusuka hulala bapa, kwa hiyo kwake chukulia jibu kama makadirio tu. Muuzaji akikukataza kupima, usinunue.

Udanganyifu huo unakugharimu mara mbili. Rili inayobeba mita 300 za mshipi wa 0.50 itabeba mita 208 tu za 0.60, kwa sababu nafasi inaliwa kwa mraba wa unene. Sangara mkubwa akikimbia mbio ya kwanza, mita 92 zilizokosekana ndizo ulizozihitaji.

Soma pia kilo zilizoandikwa. Nailoni ya kweli ya milimita 0.50 hushika takriban kilo 11 hadi 20. Kibanda kinachodai 0.50 na kilo 40 kinadanganya, ama kwenye kilo ama kwenye unene, na mara nyingi kote kuwili.

Mshipi, kwa mpangilio

Wa kwanza ni nailoni ya uzi mmoja ya milimita 0.50. Inanyumbuka, na mnyumbuko huo ndio unaozuia ndoano kuchana mdomo wa sangara anaporuka na kutikisa kichwa pembeni mwa boti. Inavumilia kusuguana na mwamba kuliko mshipi wa kusuka. Berkley Trilene Big Game ya ratili 25, ambayo ni karibu milimita 0.50, ndiyo ninayoipendekeza bila kusita, kwa kuwa ni ngumu na unene wake unaaminika. Kuna wanaoogopa kuinunua Tanzania kwa kusikia kwamba nailoni ya uzi mmoja ni marufuku. Marufuku hiyo ni ya nyavu, yaani timba, haihusu mshipi wa rili.

Nunua vibanda vya mita 100 vilivyounganishwa, ambavyo mshipi wake haujakatwa kati ya kibanda na kibanda. Vitatu vinatosha rili moja. Usichukue ulioning'inizwa dirishani: jua huikausha nailoni, ikawa na weupe kama chaki na kukatika fundoni. Lowesha kipande, funga fundo, vuta kwa nguvu. Kikikatika kirahisi, umeokoa pesa.

Wa pili ni mshipi wa kusuka, PowerPro ya ratili 50, milimita 0.36. Unashika takriban kilo 23 na bado ni mwembamba kuliko nailoni ya kilo 15, kwa hiyo chambo kilekile kinazama zaidi. Lakini haunyumbuki, na ukigusa ukingo wa jiwe huku umekazwa unakatika mara moja. Anayeuchagua aweke kwanza tabaka la nailoni kwenye rili ili usiteleze, mwishoni aunganishe mita 10 hadi 20 za nailoni ya 0.60, na atumie fimbo yenye ncha laini. Usiuzungushe mkononi hata sekunde moja, unakata nyama.

Fluorokaboni, mshipi unaouzwa kwa sifa ya kutoonekana majini, kwa mshipi mzima ni kupoteza pesa katika maji haya yenye ukungu. Na kamba ya migonzo, ile ya kutegea ndoano nyingi, ambayo baadhi ya maduka huwauzia wageni wa kurambaza, iacheni kwenye migonzo.

Mwisho wa mshipi funga lida, yaani kipande kinene cha kuunganisha mshipi na chambo, ya nailoni ya milimita 0.90 hadi 1.00, urefu mita mbili. Sangara hana meno ya kukata, ila mdomo wake una meno madogo mengi yanayokwaruza kama msasa, na kifuniko cha shavu kina miiba inayokata. Anameza kwa kuvuta maji, hivyo chambo chote huingia ndani na lida ndiyo inayosuguliwa. Waya hauhitajiki, unafanya chambo kiogelee kwa ukakamavu. Swiveli, kiungo cha chuma kinachozunguka ili mshipi usijisokote, iwe kati ya mshipi na lida, isiwe puani mwa chambo, kwa sababu nyuzi za gugumaji zinazoteleza kwenye mshipi zitakwama hapo, mita mbili kabla ya kufika kwenye chambo. Kwenye chambo chenyewe funga fundo la kitanzi kisichobana, kichezecheze.

Chambo, kwa mpangilio

Mimi ni wa Rapala, kampuni ya Kifini ya chambo bandia, nalisema wazi. Chambo cha kwanza kununua ni X-Rap Magnum 20: sentimita 14, plastiki ngumu inayostahimili mwamba, na kinaogelea wima hata boti ikiongeza mwendo kwenye wimbi. Namba 20 ni futi, yaani mita sita. Wapo wauzaji wanaoisoma kama mita 20, na mteja anakwenda kukiburuta juu ya maji ya mita 25 akingoja kifike chini. Anayetaka viwili aongeze namba 15 kwa mita nne na nusu. Namba 30, ya sentimita 16 na mita tisa, ni kwa miteremko ya visiwani.

Cha pili ni Rapala Super Shad Rap, sentimita 14, gramu 45, kipana ubavuni kama furu aliyeshiba. Kinapita juu, mita mbili hadi tatu, na asubuhi kwenye miamba ya karibu na ufukwe sijui cha kukishinda. Mwili wake ni wa mti, kwa hiyo kikigonga jiwe angalia shina la ulimi. Ufa mdogo hapo unaingiza maji na chambo kinapoteza mtikisiko.

Cha tatu ni Nils Master Invincible, nacho cha Kifini, kizuri mno kwa mwendo wa polepole. Hapa kwetu kwa kawaida utakiagiza, na gharama ya kukifikisha ndiyo inayokishusha nafasi. Cha nne, Halco Sorcerer 150 ya Australia, ni kigumu na kina vyuma imara tangu kiwandani.

Vya bei nafuu visivyo na jina: vinafaa kujifunzia kuendesha boti. Ndoano zake hunyooka kwa samaki wa kwanza wa maana.

Rangi: maji yenye ukungu, chungwa au kijani-njano chenye mistari myeusi; maji maangavu, fedha na buluu. Basi.

Vyuma na majaribio

Sangara hufika zaidi ya kilo 100. Rekodi ya dunia ya IGFA, shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo, ni kilo 104.32, Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000. Hata wa kilo 25 akipinda mwili huku ndoano mbili zimemshika sehemu tofauti, anaifanya moja kuwa mtaimbo wa kuifungua nyingine. Kinachofunguka kwanza ni ile pete iliyojikunja mara mbili, kama ya funguo, inayoshika ndoano. Nunua pete za kilo 45 na kuendelea, na ndoano nene za meno matatu za ukubwa uleule wa kiwandani. Ukiweka nzito kupita kiasi chambo kinalala. Kitupe kando ya boti na ukivute kwa mwendo wa mtu anayetembea, kilomita 4 hadi 5 kwa saa: kitikisike na kiende moja kwa moja. Kikivutia kulia, pinda kitanzi cha puani kidogo sana kuelekea kushoto, kisha jaribu tena.

Halafu pima kina chake halisi kwa mshipi wako. Achia mita 30, elekea taratibu kwenye maji yanayopungua juu ya mchanga, na soma kina pale chambo kinapoanza kugonga chini. Kama huna kipima kina, tumia kamba yenye chubwi na mafundo kila mita. Rudia kwa mita 20 na 40, andika namba hizo kwenye kisanduku, uzisahau za kiwandani. Breki ya rili iweke kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Mizani ya ndoano inayotumika mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, inatosha kupimia.

Wauzaji nao waambiwe. Kuuza chambo bila kisanduku ni kumnyima mteja namba ya kina, na hapo ndipo bandia za Rapala zinapopenya. Kuviringisha upya nailoni kutoka kibanda kikubwa kwenda vidogo, na fundo limefichwa katikati, ni wizi; fundo hilo linapatikana siku samaki mkubwa anapolivuta kupitia vikuku vya fimbo. Na bei isiyobandikwa, inayopanda mteja akishuka na gari la hoteli, inawafanya watu waagize kila kitu nje kisha duka lilalamike halina wateja. Ukiingia dukani omba vitu vitatu: kisanduku, kibanda kisichofunguliwa, na ruhusa ya kuzungusha mshipi kwenye kalamu yako. Duka linalokupa vyote vitatu, hata likizidi bei kidogo, nunua hapo.