Pawabenki za safari: kabla ya kuuliza ina mAh ngapi, uliza inajaa kwa saa ngapi

Msimu wa safari ukifika, malalamiko ninayoandikiwa ni yale yale. Mtu kanunua pawabenki ya mAh 20,000 (mAh ni kipimo cha ukubwa wa betri), kaichomeka usiku, asubuhi anaamka anakuta taa mbili tu kati ya nne ndizo zinawaka. Anaona kauziwa bovu. Wala si bovu, ni nzima kabisa, ila inapokea umeme kwa kudonoa, na muuzaji hakumwambia kwa sababu hilo si jambo la kuuzia bidhaa.

Kwa hiyo leo rangi, idadi ya matundu na uzuri wa boksi mtajionea wenyewe. Mimi nazipanga kwa kigezo kimoja ambacho wanunuzi wengi hukiruka: kasi ya pawabenki kujaa yenyewe. Siyo kasi ya kuichaji simu yako. Hivyo ni vitu viwili, na wauzaji wanafurahi sana tukivichanganya.

Igeuze usome maandishi madogo ya mgongoni. Mstari wa Output, yaani umeme unaotoka, ndio unaopigiwa tarumbeta kwenye boksi. Wewe tafuta wa Input, umeme unaoingia. Ukikuta 5V 2A, zidisha, unapata wati 10. Betri za ndani huwa ni za volti 3.7 hivi, kwa hiyo mAh 20,000 ni sawa na Wh 74 (Wh ni wati-saa, kipimo cha nishati iliyomo). Gawa 74 kwa 10: saa saba na ushee, na hapo hujahesabu umeme unaopotea kama joto wala ule mwendo wa kujivuta betri inapokaribia kujaa. Kiuhalisia ni saa tisa, hata kumi. Sasa umefika hosteli saa sita usiku, basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, chumba kina soketi moja na wenzako wanaitolea macho. Itajaa saa ngapi? Huo ni mtungi mkubwa wenye mdomo mwembamba. Pawabenki ya ukubwa ule ule inayopokea wati 30 ingemaliza kwa kama saa tatu, na soketi ukamwachia mwingine.

Zamani wengi tulikuwa tunamalizia kuijaza ndani ya ndege, kwenye tundu la USB la kiti. Mlango huo unafungwa. Singapore Airlines ilipiga marufuku kuchaji pawabenki na kuitumia ndani ya ndege kuanzia tarehe 1 Aprili 2025. Emirates ikafuata tarehe 1 Oktoba 2025: abiria anabeba moja tu, isiyozidi Wh 100, na haigusi mpaka ashuke. Siwalaumu. Januari mwaka huo ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado chini kwenye uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, na uchunguzi ukaelekeza kidole kwenye pawabenki. Lakini kwako msafiri maana yake ni kwamba saa ulizokuwa ukizitegemea angani hazipo tena. Umebaki na usiku, na zile dakika za kusubiri kwenye ukumbi wa abiria.

Na kwa kuwa tumeshataja Wh 100: hicho ndicho kikomo cha kawaida cha kubeba bila kuomba ruhusa. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege. mAh 27,000 ni Wh 99.9, ndiyo maana kampuni nyingi huishia hapo au chini yake. Na hazipakiwi kwenye mzigo wa chini, ni mkononi tu. Ukipita China, tangu tarehe 28 Juni 2025 safari za ndani haziruhusu pawabenki isiyo na alama yao ya usalama iitwayo 3C, inayosomeka vizuri.

Haya, tupange.

Nambari moja: Anker 737

Sijifichi, mimi ni mtu wa kampuni ya Anker. Hii ina mAh 24,000, Wh 86.4, kwa hiyo ukaguzi wa uwanjani haukusumbui. Inapokea mpaka wati 140. Ukiwa na chaja inayofikia hapo, inajaa kwa kama saa moja. Kwa chaja ya kompyuta mpakato ya wati 65, ambayo pengine tayari unayo begini, ni chini ya saa mbili. Mtu aliyezoea kulala akiiombea pawabenki yake haamini.

Ninachokipenda zaidi ni kioo chake. Kinakuonyesha wati zinazoingia papo hapo, na muda uliobaki ijae. Ukiona wati 9 wakati chaja imeandikwa 65, unajua kuna anayekudanganya kati ya chaja na waya, na mara nyingi ni waya. Kasi siku zote inafuata kilicho dhaifu kuliko vyote. Ukiichomeka 737 kwenye kile kichwa cha chaja cha zamani cha wati 5, itachukua zaidi ya saa kumi na saba, na lawama itakuwa yako.

Ubaya wake: inakaribia gramu 630, begani utaisikia, na bei yake inauma. Halafu yapo ya Juni 2025, pale Anker iliporudisha kiwandani zaidi ya milioni moja ya PowerCore 10000, modeli A1263, zilizouzwa Marekani, kwa hatari ya kushika moto. Modeli nyingine kadhaa zikafuata. Kama una Anker ya zamani, soma namba ya modeli ukailinganishe na orodha yao kabla ya kuibeba popote. Bado ninawapendelea, kwa sababu walitaja modeli hadharani na wakajitolea kufidia. Zipo pawabenki zisizo na jina ambazo hata zikilipuka hutajua umlalamikie nani.

Nambari mbili: Nitecore NB10000

Kwa anayetembea na begi moja mgongoni. Ni mAh 10,000 kwa gramu 150 tu, ganda lake lina nyuzi za kaboni. Inapokea wati 18, si kasi ya kutisha, lakini mAh 10,000 si nyingi, na kwa kama saa nne imeshiba. Usitegemee ichaji kompyuta.

Nambari tatu: mAh 10,000 yoyote ya kampuni inayojulikana, yenye Input ya wati 20 au zaidi kwa USB-C

Baseus, Ugreen, Anker wenyewe. Angalia alama ya PD (Power Delivery, mfumo wa kuchaji haraka kwa USB-C) kwenye mstari wa Input, siyo wa Output peke yake. Zipo zinazotoa wati 22 na kupokea 10, na hizo ndizo zinazoniudhi kuliko zote, kwani boksi limeandikwa kuchaji haraka na mnunuzi hana sababu ya kushuku.

Nambari nne: Xiaomi mAh 20,000 ya wati 18

Bei nzuri, inajaa kwa usiku mmoja ukiwahi kulala. Basi.

Za mwisho kabisa

Zenye tundu la micro-USB, lile la zamani, pekee la kuingizia umeme: ziacheni. Zenye kipande cha sola kikubwa kama simu: kwenye jua kali kipande hicho hutoa wati moja au moja na kidogo, kwa hiyo mAh 20,000 zitakudai siku nyingi za jua la utosi, na jua hilo hilo linaiua betri kwa joto.

Halafu zile za mAh 50,000 zinazoingia mfukoni. Betri moja ya duara ya aina ya 18650 hubeba mAh 3,000 hivi na ina uzito wa gramu 45 au zaidi. Ili zifike 50,000 unahitaji betri kama kumi na saba, yaani zaidi ya gramu 750 kabla ya ganda. Pawabenki ya gramu 300 inayodai hivyo ni uongo mtupu. Na zingekuwa za kweli, zingekuwa Wh 185, hakuna abiria anayeruhusiwa kupanda nazo.

Ukinunua mtandaoni, mwombe muuzaji picha ya mgongo wa pawabenki, maandishi yasomeke. Kuna watakaokutumia picha ya boksi. Ukiomba tena watakutumia video ya simu ikichajiwa kwa kasi, na ukiuliza Input ni ngapi utaambiwa "dada, hiyo inajaa haraka tu, usiwe na wasiwasi." Halafu wataongeza kwamba chaja inauzwa kando.