Saz ya Istanbul iliyopakwa supaglu: tumbo zuri, freti za kihuni

Nani hupaka supaglu kwenye freti (vigawanyo vya nota shingoni) za bağlama, chombo cha nyuzi cha Kituruki kiitwacho pia saz? Duka moja la mtaa wa Galip Dede, Istanbul, limepaka, tena zote, kwenye saz ya shingo ndefu niliyonunua kwao mwaka jana.

Freti za chombo hiki si chuma kama za gita. Ni mshipi wa nailoni, uleule wa kuvulia, unaozungushwa shingoni mara tatu au nne na kufungwa fundo ubavuni, makusudi ili usukumike. Daraja (kibao kinachobeba nyuzi tumboni) likisogea, freti nazo husogezwa. Zikigandishwa, kazi ya fundo imekwisha.

Na hizi zimegandishwa mahali pasipo pake! Nyuzi za chini zikiwa nota La, freti ya kwanza ni nota Si bemoli (Si iliyoshushwa nusu toni), ya pili ni Si iliyoshushwa koma 2 (koma ni kama sehemu ya tisa ya toni), ya tatu ni Si yenyewe. Hiyo ya pili ndiyo roho ya Uşşak na Hüseyni, makamu (mifumo ya nota) za Kituruki. Sikio lililozoea makamu ya Bayati ya taarabu hulinasa kosa papo hapo. Kwenye uzi wa sentimita 88, koma moja sehemu hiyo ni kama sentimita 1, na freti yangu imesukumwa kiasi hichohicho kuelekea Si. Kumwambia muuzaji, macho hata hakuyatoa kwenye simu: eti wageni hawasikii tofauti. Basi kuna wageni wanaosikia, na wana midomo pia.

Kurekebisha ni kazi ya kinyozi. Asetoni inayeyusha supaglu, lakini inakula vanishi, kwa hiyo usiiguse. Legeza nyuzi, kata mshipi upande wa fundo, kwangua gundi kwa wembe uliolazwa, usisimamishe makali. Funga mshipi mpya wa karibu milimeta 1, uvute hadi ulie ukiupiga kwa ukucha, fundo likae ubavuni lisikwaruze kiganja. Usipokazwa, freti itatambaa kila ukiteleza kidole, na uzi utanguruma.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba chombo chenyewe ni kizuri. Tumbo ni mforsadi uliochongwa gogo moja, uso ni ubao mwembamba wa mti wa mspruzi, vigingi vya kukazia nyuzi vinashika bila kuteleza, na nyuzi saba zikipigwa tezene (kibao chembamba cha kupigia) mlio unabaki hewani. Aliyechonga anajua kazi yake. Aliyefunga freti kamwaibisha.

Nilikuja hapa kuandika nyota moja. Chombo, baada ya freti mpya, kinastahili nne, labda nne na nusu. Duka? Sifuri, na nusu ya sifuri. Ukipita mtaa huo, kabla hujauliza bei, sukuma freti ya pili kwa kidole gumba. Isiposogea hata kidogo, rudisha saz ukutani.